Haki Zote Zimehifadhiwa, Isipokuwa Zangu

Leo asubuhi, chai haijapoa, simu ikalia. Nikajua ni lile kundi la WhatsApp la mazishi ya mjomba. Mjomba tulimzika zamani, kundi ndilo lililokataa kufa. Nafungua, nakuta kitabu changu. Kizima! Jalada, shukrani, mpaka ule ukurasa ambao mke wangu alinisihi niutoe. Juu yake simu imeandika kwamba kimesambazwa mara nyingi, na chini shemeji yangu wa damu ameongeza: "Jamani someni hiki, kitamu sana. Mwenye cha pili atuwekee."

Mwenye cha pili ni mimi. Kiko kichwani, kinangoja Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, iwekwe hela ili taa iwake nikiandike.

Nikajibu kwa upole, kwa heshima zote za mtu aliyetoka darasani: "Shemeji, hicho kitabu ni changu."

"Ndiyo maana tumekipenda! Hongera!"

Wakafuata wengine, vidole gumba foleni nzima. Shangazi wa Jinja akaweka maua. Hela hakuweka mtu. Na tusisahau kwamba hapa Uganda tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila shemeji akisukuma kitabu changu kwenda kundi jingine, serikali inapata chake, kampuni ya simu inapata chake, mwandishi anapata maua.

Sheria ipo. Tunayo tangu 2006, nimeisoma yote, nadhani tuko watu wachache. Inasema hakimiliki ni yangu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa. Yaani kuna mjukuu ambaye hajazaliwa atakayekula mrabaha wangu. Mimi niliye hai nakula posho, yaani ugali, na maharage.

Lakini ya shemeji ni ndogo. Ngoja niwape ya Wandegeya, ule mtaa wa Kampala jirani na Chuo Kikuu cha Makerere.

Nilikuwa natafuta kopi ya kitambulisho, maana nchi hii huwezi kuingia ofisi yoyote bila kuacha kopi ya kitambulisho, sijui wanazila. Nikaingia kwenye ule ujia mwembamba wenye mashine pande zote, joto la wino, vijana wamebandika karatasi ukutani: tunachapa, tunabaindi, tunalamineti. Na pale rafuni, kati ya mitihani ya miaka iliyopita na fomu za kuombea kazi, nikajiona. Kitabu changu, kimefungwa kwa waya, kina plastiki angavu mbele. Picha yangu ya jalada imepigwa kopi ya kopi mpaka uso umekuwa mweusi tii, limebaki jicho moja na kola.

"Kijana, hiki kiasi gani?"

"Elfu nane, mzee. Wewe nakufanyia saba."

"Dukani ni elfu thelathini."

"Ssebo, cha dukani kinaachia kurasa. Hiki kina waya. Unakikunja mpaka nyuma, unasomea hata kwenye taxi."

Nikanyamaza, kwa sababu kuhusu gundi alisema kweli.

Nikafungua ndani. Kumbe nakala mama ilikuwa ya mwanafunzi fulani, na mwanafunzi huyo alikuwa na penseli. Pembeni mwa sura ya tatu ameandika: "Mwandishi hapa anazunguka tu." Nikachukua nakala nyingine rafuni: mwandishi hapa anazunguka tu. Ya tatu: anazunguka tu. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kiswahili kinanisoma huku kimeshapewa hukumu pembeni, na wanafikiri ni sehemu ya kitabu. Hata huyo mhakiki naye kaibiwa, hajapata senti.

Nikaenda ule ukurasa wa mwanzo, nikamsomea kwa sauti ya mahakama: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki..."

"Huo tunauacha, mzee. Tukiutoa, walimu wanasema kitabu hakijakamilika."

"Kijana, mimi ndiye niliyekiandika."

Akanitazama. Akalitazama lile jicho moja la jalada. Akanitazama tena juu ya kipaji cha uso, polepole. "Huyu ana nywele."

"Picha ya zamani."

"Mzee, juzi alikuja mwingine akasema kaandika ile ya Fizikia. Alikuwa anatafuta bei ya chini."

Nikatoa kitambulisho, nikakitupa mezani kama karata ya mwisho. Akakichukua, hakukisoma, akakilaza kwenye kioo, akashusha mfuniko, akabonyeza. Akakigeuza, akabonyeza tena. "Mia mbili, mbele na nyuma." Ndipo alipokuwa ananipa ile karatasi, bado ya moto, jicho likaangukia jina. Akasimama. Akafuta kiti kwa mkono wa shati.

"Mwalimu! Karibu, kaa. Nyinyi! Njooni muone, ni yeye!"

Wakamiminika kutoka kila dirisha. Wakanipa mkono, mwingine ameshikilia kiwiko kwa heshima. Msichana wa kubaindi akapiga magoti kunisalimia, kistaarabu kabisa, mkono mmoja bado una waya wa kitabu changu. Sasa niambieni, mtu aliyepiga magoti unaanza vipi kumwita mwizi? Nikakohoa. Nikajaribu kurudisha sura ya mdai haki.

"Vijana, mnajua kosa hili ni faini hadi milioni mbili, au kifungo hadi miaka minne, au vyote viwili?"

"Tunajua, mwalimu. Hiyo sheria iko pale juu. Tunaitoa elfu nne."

Nikapewa soda. Na mwenye mashine akavuta kiti karibu, akashusha sauti, uso umejaa uchungu wa kweli. "Afadhali umekuja mwenyewe. Yule wa dirisha la mwisho anatumaliza. Sisi tulikesha hapa tunaskani kitabu chako, tunanyoosha kurasa moja moja. Yeye akatuma mtoto akanunua nakala moja tu, akaanza kutoa kopi. Hata penseli yetu imo! Ule ni wizi, mwalimu. Watu hawana hofu ya Mungu."

Alitaka nimsaidie. Nitie sahihi nakala zake ili wateja wajue ipi ni halisi. Zenye sahihi angeuza elfu kumi.

Nilipoinuka kuondoka, akaikataa ile mia mbili ya kitambulisho. Ndiyo malipo makubwa zaidi niliyopata kutokana na kitabu hicho mwaka ule, na ya mchapishaji nimeyahesabu humo.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka mpaka nilipofika Kubbiri. Hapo nikaanza kupata hasira, na ubaya wake sikujua nimpe nani. Mwanafunzi? Elfu thelathini ni chakula chake cha siku nyingi, na mhadhiri kamwambia Jumatatu aje nacho. Kijana wa mashine? Analipa kodi ya dirisha na umeme, na anajua wasomaji wangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipa mkataba. Mchapishaji anasema karatasi ghali. Mwenye duka anasema hakuna wanunuzi. Kila mmoja ana sababu yake nzuri, zimenyooka, ukizisikia unakubali kwa kichwa. Mimi nina mwenye nyumba. Mwenye nyumba hachukui sababu. Usiku mingapi nimekaa na kile kitabu, watoto wamelala, mbu wananila, nafuta ukurasa mzima kwa sababu ya sentensi moja iliyokataa kukaa, halafu leo kila mtu katika mnyororo ule amekula isipokuwa aliyepika! Na bado anaandikiwa kwamba anazunguka tu.

Wanamuziki nawahurumia zaidi. Wimbo unalia kwenye taxi kutoka Old Park mpaka Ntinda, unalia saluni, unalia kwenye baa nyuma ya nyumba yangu hadi alfajiri, na umetoka kwenye flashi iliyojazwa kibandani kwa bei ya rolex moja, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai. Kuna muziki wetu wa kadongo kamu, wa gitaa moja. Siku hizi nimeelewa kwa nini ni moja. Wale jamaa wa sinema wa Wakaliga walifanya akili: waigizaji wenyewe walibeba diski, wakauza mlango kwa mlango, wakikimbizana na siku kabla wezi hawajatoa zao. Unacheza jambazi asubuhi, jioni unagonga hodi kuuza. Na wale mavijei wa vibandani wanaotafsiri filamu za wazungu kwa Luganda, mtu kaketi gizani, shujaa amefungua mdomo, yeye anamwekea utani wa mtaani Katwe? Filamu si yake, lakini kicheko ni chake. Hao sijui niwaweke upande gani, na nikiwa nao kibandani siulizi.

Sasa katikati ya njaa hii unaletewa barua ya mwaliko. Kongamano la ubunifu na uvumbuzi. Hoteli ya ziwani. Mada yangu: "Kugeuza Kipaji Kuwa Kipato." Mimi! Malipo: "fursa adhimu ya kujulikana." Nauli: ujitegemee. Ningejulikana zaidi ya hapa, shemeji angenifungulia kundi la pili.

Nikaenda, maana waliandika kutakuwa na chakula. Mshereheshaji akasema "Hamjambo nyote," ukumbi ukalipuka kwa makofi, kwa sababu Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba irekebishwe 2005. Halafu akaendelea kwa Kiingereza mpaka saa nane. Nikapewa fulana, kalamu, na kitambulisho cha shingoni ambacho, ajabu, hakikuhitaji kopi. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema ekosistemu.

Mshindi wa kwanza alikuwa kijana wa tai nyekundu, ametengeneza programu ya kumwezesha mtu kusoma kitabu chochote bure. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Nilikuwa na sambusa mkono wa kulia, nikapiga paja kwa wa kushoto. Akakabidhiwa ile hundi ya kadibodi, ndefu kumshinda.

Nje nikamkuta chini ya mti, mvua inatishia, anabishana na mtu wa boda. Hundi haikai. Ukiishika mbele inamziba dereva, ukiishika nyuma inavuta upepo.

"Ikunje," dereva akasema.

"Haikunjwi, ssebo. Jumatatu natakiwa kuirudisha, wanaitumia tena mwakani."

"Pesa zenyewe?"

"Wamesema zinashughulikiwa."

Dereva akaizunguka, akaipima kwa macho kwa ustadi wa mtu aliyewahi kubeba kochi, mbuzi na jeneza. Akasema yeye mtu ni elfu tano. Hundi ni abiria wa pili, italipa elfu tatu, na ikilowa yeye hahusiki.