Nani anavunja ukoo?

Kwenye arobaini moja juu Kibosho, huku Moshi, watu wameshakula, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mzee mmoja akasema kwa sauti mbele ya mjane: "Haya mashirika ya haki yameletwa na wafadhili kuja kuvunja koo zetu." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo.

Kilichomkasirisha mzee ni karatasi. Ukoo ulikuwa umeandika muhtasari wa kikao, shemeji kawekwa msimamizi wa mirathi, mjane kaachiwa nafasi ya sahihi chini kabisa. Kihamba, shamba la nyumbani alilolilima tangu aolewe, hakikutajwa popote. Aliomba alale na karatasi hiyo usiku mmoja, akaipeleka kwa msaidizi wa kisheria, dada wa kijiji hichohicho, akasomewa mstari kwa mstari. "Mama, usisaini. Mahakama ya Mwanzo unaweza kwenda mwenyewe kuomba usimamizi." Basi. Huko ndiko kuvunja ukoo.

Na hayo mashirika hayakuletwa na mtu. KWIECO, shirika linalotetea haki za wanawake, ilianza hapahapa Moshi mwaka 1987, kwa juhudi za wanawake wa hapahapa. WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, ilianza Dar es Salaam mwaka 1989 kama kitengo ndani ya SUWATA, shirika la uchumi la wanawake, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafuata mwaka 1995. Waliona wajane wanatolewa ndani na watoto, wakaamua hawatanyamaza.

Wale wajane wawili wa Shinyanga, ambao Umoja wa Mataifa uliwataja kwa herufi tu, E.S. na S.C., nawafikiria mara nyingi. Waume zao walifariki, mashemeji wakashika mirathi, wao wakaondolewa nyumbani na watoto wadogo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Wakisaidiwa na WLAC, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba vifungu hivyo ni vya kibaguzi, kisha ikakataa kuvifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama. Wakakata rufaa. Miaka minne wakasubiri, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa kasoro za hati ya amri ya Mahakama Kuu. Kasoro za hati! Mtoto aliyetolewa nyumbani akiwa mchanga ameshaanza shule, na hakuna jaji aliyemwambia mama yake kama ana haki au hana.

Wanasheria wale wangeweza kufunga jalada, maana pesa hapo haipo. Walilipeleka Umoja wa Mataifa, kwenye kamati ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 kamati ikasema wazi kwamba Tanzania imevunja haki za wajane hao, iwalipe fidia na ibadilishe sheria. Mtu aliyebeba faili moja kwa miaka kumi namwamini kuliko kikao kilichoandika muhtasari mchana mmoja.

Pesa za wafadhili? Zipo, sikatai, na mradi ukiisha ofisi nyingine hufungwa na wajane wanabaki mlangoni. Na ofisi nyingi ziko mjini, nauli ya kushuka si ya kila mtu. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria kama yule dada wa Kibosho, na hao wanaishi nasi, wanazika nasi.

Mahakama Kuu ilielekeza kwamba kazi ya kubadili mila zilizoandikwa ianzie kwenye halmashauri za wilaya. Sawa, basi ianzie huku kwetu. Diwani akija kwenye mkutano wa kijiji kutueleza habari za barabara, asimame mtu amuulize ni lini baraza lao litajadili urithi wa mjane, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.