Waziri Aliondoka na Pilau

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye msoma historia za marehemu. Sikuiomba kazi hiyo. Niliwahi kusoma moja bila kukwama, basi, tangu hapo mtu akiugua sana namwona shangazi ananiangalia kama anavyoangaliwa fundi jeneza.

Ilipofika siku ya kusimika msalaba wa babu, mwaka mmoja baada ya mazishi, nikatoka Dodoma mjini kwenda kijijini kwetu wilayani Chamwino na karatasi zangu mbili mfukoni. Babu alikuwa na mambo ya kuandika. Alizaliwa mwaka wa njaa, ingawa kwa Mgogo wa umri wake hiyo si tarehe, njaa zilikuwa nyingi. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikamtoa kwenye tembe la baba yake, akaja kuanza upya kwenye kijiji cha ujamaa na mke, mtoto mmoja na mbuzi wawili. Alidai kuwa mwaka huohuo alifyatua tofali bega kwa bega na Mwalimu Nyerere. Mwalimu kweli alipiga kambi Chamwino akafyatua tofali, lakini kila mzee wa huko anadai alikuwa ubavuni pake. Wangekuwa wote wanasema kweli, tofali zile zingefika Morogoro. Nikaandika vilevile alivyosema.

Huyo mzee alifanya kazi. Alilima uwele na mtama kwenye udongo ambao mvua ikikatika Februari, umekwisha. Mtama ukianza kukaza, alfajiri yuko juu ya dungu na kombeo lake anagombana na kwelea kwelea. Kiangazi kikiingia, anachota maji bombani na kuwauzia watu, madumu kumi kila safari, kwa mkokoteni wa punda. Madumu hayo ndiyo yaliyosomesha watoto saba.

Punda aliitwa Waziri. Serikali ilipohamia Dodoma, babu alisema watu wa mjini wamepata mawaziri wa kupishana nao barabarani, na yeye hatapitwa. Tena wa kwake anabeba maji.

Shangazi alizipitia karatasi zangu usiku ule, akaongeza sentensi moja kwa mkono wake: marehemu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Babu alikuwa mzee wa kanisa, sikuona tatizo. Nilipomsomea bibi, alikohoa. Nikajua ni vumbi.

Kesho yake mkokoteni ulisimama kando ya turubai. Juu yake kulikuwa na msalaba wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, jina la babu na tarehe zake, na sufuria mbili kubwa za pilau zilizotoka kupikwa kwa jirani. Waziri alikuwa bado amefungwa mkokotenini. Baba mdogo, aliyemrithi, alisema anamfungua sasa hivi. Hiyo ilikuwa saa tatu. Mimi nilisimama kusoma saa sita.

Nikasalimia "Mbukwenyi!", watu wakaitikia vizuri, kichwa kikavimba. Nikasoma njaa, nikasoma tofali, wazee wakatikisa vichwa. Nikafika pale: "Marehemu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Jioni ikifika alirudi moja kwa moja kwa familia yake." Mzee mmoja nyuma akajikuna kisogo. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka watu wamwone babu, kwa hiyo nikaweka karatasi chini nikaigiza alivyokuwa akifunga kazi: miluzi miwili, kofi moja kwenye dumu tupu, halafu, "Haya Waziri, tumefunga ofisi!"

Baba mdogo huwa anamwendesha punda yule kwa fimbo na matusi. Mwaka mzima hakuna aliyempigia mluzi.

Masikio yakasimama. Akaondoka.

Hakukimbia, nisimsingizie. Aliondoka kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, na tulipomfuata ndipo akaongeza hatua. Watoto wakapiga kelele, "Waziri ameondoka na pilau!" Mgeni mmoja kutoka mjini, mtumishi wa wizara fulani, akaruka kutoka kwenye kiti anauliza, "Waziri yupi?" Mchungaji alishika joho kwa mikono miwili. Shangazi alivua viatu. Mimi mbele, napiga mluzi wa kumsimamisha, kumbe kila mluzi unamkumbusha kazi.

Kwenye njia panda, kulia ni nyumbani kwa babu. Waziri akakata kushoto bila kusita, akapita mbuyu, akaenda kusimama mlangoni kwa kilabu cha pombe ya mtama. Akasimama sawasawa, kama gari kituoni. Msalaba wa babu ukawa umetazama walevi.

Mama mwenye kilabu akatoka na ndoo ya machicha, akamwekea. "Waziri! Mwaka mzima!" Ndipo akaona msalaba, akaona na mchungaji anahema, akajishika mdomo.

Hakuna aliyesema neno. Nyuma yake ukutani, kwenye msumari, lilining'inia kopo la bluu lenye herufi za jina la babu, limechorwa kwa msumari.

Bibi akafika wa mwisho, na fimbo yake, bila haraka. Akaangalia punda anavyokula. Akaangalia kopo.

"Aliacha deni?"

"Elfu tatu na mia tano, mama. Lakini yalishapita hayo."

Bibi akafungua fundo la khanga, akahesabu, akalipa. Akaomba kopo, akalipangusa, akalitia kwapani. Shangazi alikuwa ameanza kulia, sijui kwa uchungu au kwa aibu. Bibi hakumtazama. Akakaa kwenye benchi la wanywaji, akanigeukia.

"Haya, mjukuu wangu, endelea kusoma. Ulikuwa umefika kwenye pombe."