Mbwa Wako Hang'ati? Mfunge Kamba!

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kisasa, upepo wa Dodoma unakata masikio. Natoka kukimbia kabla jua halijawaka. Dakika kumi hazijaisha, mbwa huyu hapa! Mkubwa, masikio yamesimama, hana kamba. Mwenyewe yuko nyuma hatua thelathini, anachezea simu. "Usiogope dada, hang'ati." Nisiogope? Na huyo mbwa nani kamwambia mimi ni jirani? Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa anakufa. Mbwa akikuparua tu, ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kukimbilia chanjo. Hiyo ndiyo asubuhi unayonitakia?

Namkwepa mbwa, baiskeli inanipita ubavuni kama mshale. Kengele haina, taa haina, na anayeiendesha sauti hana! Juzi usukani ulinikwaruza kiwiko, damu ikachuruzika hadi vidoleni, jamaa hata shingo hakugeuza. Jamani, kusema "samahani, napita" kunalipiwa kodi?

Na sisi wakimbiaji tusijifanye malaika. Tunakuja watano, tumetanda njia nzima, halafu mama mwenye ndoo ya maji kichwani ndiye ashuke mtaroni. Kwa nini ashuke yeye? Tupange mstari mmoja, apite.

Mnaotembea alfajiri Ilazo, Area D, Makulu, mnanielewa. Wenye mbwa, kamba ya katani inatosha. Mfunge leo, kesho nipite salama!