Mwachieni Mwalimu wa Bayolojia Mada Yake

Kila mwaka tunapofikia mada ya mageuko ya viumbe katika Kidato cha Nne, hakosi mzazi wa kunisubiri baada ya mkutano. Ombi ni lile lile: "Mwalimu, mkiwafundisha kwamba mtu alitokana na nyani, wafundisheni pia kwamba Mungu ndiye aliyeumba. Wapeni yote mawili, mtoto achague mwenyewe." Safari hii aliyeniuliza ni mzee wa kanisa ninakoabudu, hapa Kisumu, na aliuliza kwa upole wa mtu anayewajali wajukuu wake. Anastahili jibu refu kuliko lile la kusimama langoni.

Jibu langu ni hapana. Masimulizi ya uumbaji yasiingizwe katika kipindi cha bayolojia kama maelezo mengine ya kisayansi yanayoshindana na mageuko. Nasema hivyo nikiwa Mkristo, na sababu zangu karibu zote nimezipata hapa hapa kando ya ziwa.

Kwanza, si kweli kwamba uumbaji umefungiwa nje ya shule zetu. Mwanafunzi wa Kenya hukutana nao kabla hajasikia jina la Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mageuko. Aliyeko Kidato cha Nne leo alisoma Mwanzo sura ya 1 na ya 2 katika CRE, somo la dini ya Kikristo, ya Kidato cha Kwanza, na mwenzake Mwislamu alikuwa na IRE, somo la dini ya Kiislamu. Katika Historia, mwaka huo huo, walipofika kwa binadamu wa kale walitajiwa uumbaji, masimulizi ya jadi na mageuko kwa pamoja. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha kifungu cha 8 kinasema taifa halina dini rasmi. Dini imepewa kipindi chake kwenye ratiba, imepewa walimu walioisomea, na inatahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Hakuna mlango uliofungwa wa kuvunjwa.

Marekani ndiko mlango huo ulikofungwa. Shule za umma za kule haziruhusiwi kumfundisha mtoto dini kama imani ya kufuata, na kwa hiyo vita vyote vikaishia kwenye darasa la sayansi. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa mjini Dayton, Tennessee, kwa kufundisha mageuko. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ya Louisiana iliyotaka kila anayefundisha mageuko afundishe na uumbaji. Mwaka 2005 jaji wa Pennsylvania akaamua kwamba hoja ya "msanifu mwenye akili", yaani kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili fulani, iliyokuwa imeingizwa katika shule za Dover, ni dini iliyovishwa mavazi ya sayansi. Wanaotuletea kauli ya "fundisheni yote mawili" wameiokota kwenye ugomvi huo, ugomvi wa watu wasio na CRE.

Tena, yote mawili ni yapi? Kukhu wangu, yaani bibi yangu, kule Bungoma alinisimulia kwamba Wele Khakaba, Mungu wa Wabukusu, alizifanya mbingu kwanza, akaweka jua na mwezi, kisha akamuumba Mwambu ili jua lipate wa kumwangazia, na akampa Sela awe mke wake. Wahindu wa Kisumu, ambao mahekalu yao yamekuwa mjini humu tangu zamani, wana masimulizi yao. Qur'ani ina yake. Mwanzo yenyewe ina sura mbili zinazosimulia kwa mpangilio tofauti. Nikiambiwa nichague moja niliweke ubaoni kando ya uteuzi asilia, yaani maelezo kwamba wenye sifa zinazowafaa katika mazingira yao ndio wanaonusurika na kuzaa zaidi, ni nani atakayenipa ruhusa ya kuyaacha mengine, wakati mtoto wa kila nyumba hizo amekaa mbele yangu amevaa sare ile ile?

Lakini kinachoniumiza zaidi ni vile ombi hili linavyoishusha imani yenyewe. Chochote ninachokiandika ubaoni katika bayolojia lazima kiwe tayari kupimwa, na kikikutwa na kasoro, kitupwe. Hayo ndiyo masharti ya chumba kile. Je, tuko tayari kumwingiza Mwenyezi Mungu humo, swali likaandikwa "Jadili udhaifu wa maelezo haya, alama nne", mtahini akasahihisha kwa kalamu nyekundu? Mtoto aliyefundishwa kwamba Mwanzo ni maelezo ya kisayansi ataipima kisayansi siku moja, pengine akiwa chuo kikuu, mbali na wazazi na mchungaji. Nimewaona vijana wakirudi kutoka huko wameacha kanisa kwa sababu waliambiwa wachague mojawapo, na hakuna aliyewaambia kwamba hapakuwa na haja ya kuchagua.

Sasa nije kwenye mageuko yenyewe, kwa maana wengi wanaoyapinga hawajawahi kuonyeshwa yanavyofanya kazi. Mimi huanza na fulu. Kila mtoto wa Kisumu anamjua: samaki mdogo, mwenye miiba, anayekaushwa juani na kuuzwa kwa mafungu. Hununua wabichi ufuoni Dunga, nikawapeleka maabarani, nikawaambia wanafunzi wawafungue midomo na makoo. Wengine wana meno butu kooni ya kusaga konokono. Wengine wana meno membamba ya kukwangua mwani kwenye mawe. Wengine taya zimerefuka kwa kukamata samaki wenzao. Wataalamu walihesabu spishi zinazokaribia 500 katika Ziwa Victoria, nyingi zikiwa hazipatikani pengine popote duniani. Na matope yaliyochimbuliwa kutoka chini ya ziwa hili yanaonyesha kwamba lilikauka, likajaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kwa hiyo aina zote hizo zimejitenga na kuzoea vyakula vyake katika muda ambao kwa historia ya dunia ni mfupi mno. Kisha mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, akaletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 akawa ametawala ziwa. Spishi zipatazo 200 za fulu zinadhaniwa zilitoweka. Mwanafunzi akiyaona meno yale kwa macho yake, swali la kwanza linalomtoka ni "mwalimu, yalibadilikaje?" Hapo ndipo somo linapoanza.

Baada ya fulu huja selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na hapa nakuwa mkali. Katika eneo hili sijafundisha darasa lisilo na mtoto ambaye ndugu yake anaugua ugonjwa huo, au amekwisha kumzika. Wanajua maumivu ya mifupa usiku, wanajua macho ya manjano, wanajua safari za kutafuta damu. Wasichokijua ni kwa nini sisi. Aliyelijibu swali hilo alikulia Gilgil, kaunti ya Nakuru. Anthony Allison alikuwa kijana wa Oxford mwaka 1949 alipokusanya damu za watu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba chembe ya urithi ya selimundu, ilhali kwenye nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Akatambua kwamba ramani hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kwa vizazi na vizazi, watoto waliobeba chembe moja walinusurika mbu, wakakua, wakazaa. Chembe ikabaki nasi.

Huo ni uteuzi asilia, na umeandikwa katika damu ya wanafunzi wangu. Ukimwelewesha msichana wa Kidato cha Nne jambo hilo, unamwondolea mama yake mzigo mzito. Kuna kina mama huku wanaoambiwa na wakwe kwamba wameleta laana nyumbani, kwamba waliolewa vibaya, kwamba kuna mwiko waliuvunja. Hakuna laana. Baba alibeba chembe moja, mama alibeba moja, na wote wawili waliirithi kutoka kwa mababu waliookolewa nayo. Msichana huyo atajua pia kwa nini yeye na mchumba wake wapimwe damu kabla ya kupata watoto. Mzazi anayeniambia nipunguze mada hii ili nipate nafasi ya kitu kingine, nataka ajue ananiomba nipunguze nini.

Dawa za malaria ni mlango mwingine. Wenye umri wangu tulikunywa klorokwini, ikaacha kufanya kazi. Mwaka 1998 serikali ikaiweka kando na kuchukua Fansidar, nayo ikaanza kushindwa, na mwaka 2004 ukafanyika uamuzi wa kuhamia dawa mseto ambayo wengi wanaijua kwa jina la Coartem. Vimelea vichache vilivyokuwa na uwezo wa kustahimili dawa vilibaki hai na kuzaana. Mbu nao wamekuwa wakistahimili viuadudu vya kwenye neti. Anayemeza nusu ya dozi kisha akaweka iliyobaki kabatini anavisaidia vimelea hivyo, na nimeona wanafunzi wakienda kuwaeleza wazazi wao hivyo kwa lugha nzuri kuliko yangu.

Ndiyo, najua, kinachowakera watu zaidi ni habari ya binadamu na nyani. Mageuko hayasemi kwamba nyani wa msitu wa Kakamega atamzaa mtu. Yanasema kwamba sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani sana, na ushahidi wa jamii hiyo ya kale umejaa huku kwetu. Koru, huko Muhoroni, ilitoa mifupa ya Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, katika miaka ya 1920. Mwaka 1948, kisiwani Rusinga, mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa jamii hiyo, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 18. Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi, ameheshimiwa kwa spishi moja ya Rusinga kuitwa heseloni. Mwaka 2023 watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Nyayanga, Homa Bay, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza viongozi wa makanisa ya kiinjili kupinga namna visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya binadamu wa kale vilivyotarajiwa kuonyeshwa katika makumbusho ya taifa, Nairobi. Visukuku vikaonyeshwa, na makanisa yangali yamejaa kila Jumapili.

Na kila Jumamosi pia. Sitaki kuwapita Wasabato kwa haraka, maana Nyanza wako wengi na kwao suala hili lina uzito wa pekee. Sabato yenyewe imesimama juu ya siku sita za kazi na moja ya kupumzika. Kwa mtoto wa nyumba hiyo, kuguswa kwa siku sita ni kuguswa kwa Jumamosi yake, kwa wimbo wake, kwa meza ya mama yake. Sijawahi kumwambia mwanafunzi kama huyo aache anachokiamini, na sitamwambia. Ninachomtaka ni aelewe: aweze kueleza uteuzi asilia ulivyo, ushahidi wake ni upi, na Allison alithibitisha nini. Wako niliowafundisha wakaelewa vizuri sana na bado ni wazee wa kanisa hadi leo. Kanisa Katoliki nalo, ambalo linafadhili shule nyingi huku magharibi, lilishasema. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kukisia tu. Darwin mwenyewe alizikwa mwaka 1882 ndani ya Westminster Abbey, kanisa la Waanglikana, na aliyetufundisha kanuni za urithi kwa kupanda njegere alikuwa mtawa, Gregor Mendel.

Lawama kubwa naiweka kwetu walimu. Mada ya mageuko huachwa hadi mwishoni, wakati kila mtu anakimbizana na mtihani, ikafundishwa kwa kipindi kimoja na nusu. Nimewahi kufanya kazi na mwenzangu aliyeianza kwa kusema, "Haya ni ya mtihani tu, yaandikeni lakini msiyaamini." Watoto wakacheka, wakakariri, wakasahau. Walipoteza elimu, na wakajifunza kwamba darasani unaweza kuandika usichokikubali ili upewe alama. Hilo la pili ni baya zaidi, na mwalimu wa CRE alipaswa kukasirika kuliko mimi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi ni tofauti na lao kwangu. Daini kwamba mada hii ifundishwe kwa vipindi kamili, kukiwa na samaki mezani. Daini safari: shule za Nakuru ziko karibu na shoka za mawe za Kariandusi kule Gilgil, na sisi tunavuka daraja la Mbita tukafika Rusinga. Daini vilevile kwamba CRE ifundishwe na mtu anayeipenda. Na asiyekubaliana nami aje katika kipindi hicho, akae nyuma, anyooshe mkono. La bayolojia nitamjibu. La Mwanzo nitampeleka chumba cha pili, kwa mwenzangu anayelijua kuliko mimi.