Plagi Janja Imenizidi Ujanja

Jamani, nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, miaka saba ya kula ugali kwa mchicha. Leo nakaa sebuleni kwangu naomba ruhusa ya kuwasha tivii. Ngoja niwasimulie nilivyojiingiza.

Chanzo ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwangu tuko wanane, na katika hao wanane hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha pasi kwenye soketi. Ukiuliza, kimya. Unaingiza tarakimu zako 20 Jumatatu, Alhamisi mita inaanza kulia tii, tii, na kila mtu anainamia simu yake kana kwamba anayelia ni mtoto wa jirani.

Sasa shemeji yangu aliyerudi kutoka Muscat, kwake nimeona kwa macho yangu. Yuko kwenye kochi, kagusa simu, feni ya chumbani imezimika. Kaichomeka kwenye plagi janja, ile inayowashwa na kuzimwa kwa simu. Hata mguu hakusogeza! Mimi kuzima taa ya nje navuka korido nzima, napiga kidole gumba kwenye baiskeli ya mtoto, narudi nachechemea, nikishapanda tu kitandani Mama Asha anauliza, "Na geti umefunga?"

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanipa kiti kabisa. "Mzee wangu, hii plagi janja inakubali kila kitu." Kweli ilikubali kila kitu, isipokuwa soketi. Ina miguu miwili ya duara, ya Ulaya, na soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu ya mstatili. Nikanunua adapta. Plagi imeandikwa ampia 16, adapta ampia 10. Mtoto kabebwa na mdogo wake. Usiku wa manane vyote viwili vikadondoka, nusu nimpige mwizi asiyekuwepo.

Ya pili niliagiza kwa mpwa wangu aliyeko Marekani. Huko umeme wao ni volti 120, wetu 230. Imeandikwa ubavuni, ila kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Ilisema neno moja tu hapa duniani: pah.

Ya tatu sikufanya mchezo. Pini tatu, volti 230, ampia 13, nimesoma mpaka kiwanda. Nikapakua programu yake. Inataka baruapepe, inataka neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Mimi mke nilimposa kwa masharti machache kuliko hayo. Nikamaliza, ikaniambia imeshindwa kuunganishwa. Nikarudia. Imeshindwa. Mara ya sita Asha, yule wa chuo, akapita na kikombe cha chai, akatupa jicho.

"Baba, hizi zinasikia waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Simu yako inarusha ya 5."

Akaenda zake na chai yake. Ada ya hayo maneno nimelipa mimi.

Basi nikabadilisha, ikashika. Jioni hiyo niliwasha na kuzima taa ya mezani mpaka mdogo wa mwisho akaanza kulia. Kesho yake kazini, Posta, nikawaita wenzangu wa mezani. "Sogeeni mwone. Nazima pasi iliyoko Kimara." Nikabonyeza. Kifaa hakipo mtandaoni. Nikabonyeza tena. Nikanyanyua simu juu, nikaenda nayo dirishani. Hakipo.

Imenichukua mpaka saa ya chakula kuelewa. Mimi kwangu sina ruta. Intaneti nilikuwa naitoa kwenye hotispoti ya simu. Plagi iko Kimara, intaneti yake nimeondoka nayo mfukoni nimepanda nayo mwendokasi. Maana yake pasi ile naweza kuizima kutoka mbali muda wowote, ilimradi nimekaa pembeni yake.

Nikanunua ruta ya laini, na bando la mwezi ambalo, tukiongea kwa siri, linazidi umeme niliotaka kuokoa. Mama Asha hajui, na nyinyi msimwambie.

Pampu ya maji sitaki hata kuiongelea. Nilipata plagi ya bei poa, ampia 10, nikapiga hesabu: 10 mara 230, wati 2,300, pampu yangu haifiki hata 800. Kumbe mota ikiamka inabugia umeme mara kadhaa ya ule inaokula ikishatulia. Wiki ya pili vile vijisahani vya ndani ya plagi, vinavyoachana ili kukata umeme, vikaungua vikagandana. Simu inaniambia pampu imezimwa, huku jirani wa chini ananipigia kuku wake wanaogelea.

Na ndipo akaja mama mkwe. Katoka Mwanza na sato kwenye boksi, wakubwa, kasafiri nao usiku kucha. Tukawaweka kwenye friji, na friji iko kwenye plagi janja. Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Taa zikawaka, redio ikaongea, friji kimya. Kumbe kuna mahali ndani ya programu unatakiwa kuieleza plagi kwamba umeme ukirudi, nawe urudi. Usipoieleza, yangu hukaa imezima ikisubiri mwenyewe aje. Mwenyewe nilikuwa msibani Kibaha. Tuliambiwa na harufu. Mama mkwe hakusema kitu, alikunja tu kanga yake upya, na wakwe wakinyamaza mnajua wenyewe.

Nikataka kumfurahisha. Nikaita fundi amwekee swichi janja chumba cha wageni, azime taa bila kuinuka na magoti yake. Fundi akafungua kiboksi cha ukutani, akamulika na tochi, akanuna.

"Mzee, hapa hakuna nyutro."

"Imeenda wapi?"

"Haijawahi kuwepo. Laivu, waya unaoleta umeme, inashuka kwenye swichi, inapanda kwenye taa. Nyutro, waya wa kuurudisha, imebaki huko juu darini. Hii swichi yako inataka kula muda wote, hata taa ikizimwa, la sivyo haisikii simu."

Tuna wanaukoo wa hivyo. Nikamwambia alete isiyohitaji nyutro. Akaifunga, nene mpaka akachimba ukuta maana kiboksi changu kina sentimita mbili na nusu tu. Ila asiyehitaji nyutro hachukui kidogo kwa mwingine? Inapitisha kaumeme kadogo kwenye taa yenyewe, na taa za LED hazihitaji mengi ili zionyeshe dalili. Saa nane usiku, chumba kimezimwa, balbu juu ya kitanda cha mama mkwe ikaanza kung'aa kwa mbali kama jicho la paka. Inafumba. Inafumbua. Nyumba nzima tuliamshwa na sauti ikisoma dua kwa nguvu zote. Asubuhi akaomba nauli. Fundi alikuja baadaye akafunga kidude kama haragwe kule kwenye taa, balbu ikatulia, lakini basi la Mwanza lilishapita Morogoro.

Sasa hivi simu yangu ina programu tatu, moja kwa kila kampuni, hazisalimiani. Plagi moja ya Zigbee, isiyoongea waifai, iko kabatini, nasikia inahitaji kisanduku chake cha kuongea nacho. Asha anasema tangu 2022 yale makampuni makubwa yamekubaliana lugha moja inaitwa Matter, ningetafuta nembo yake kwenye boksi. Ananiambia leo.

Lakini lile lililonimaliza ni hili. Plagi ya pini tatu inapima umeme. Nikawakalisha wote wanane, leo mwizi wa LUKU anapatikana. Pasi, robo saa: uniti 0.3. Tivii, sabufa na king'amuzi, usiku kucha, kuna mtu analala kwenye kochi mpira ukiendelea: karibu uniti nzima. Kila usiku. Mama Asha akaomba simu asome vizuri. Kisha akaomba awekewe hiyo programu na yeye.

Juzi ni Simba na Yanga. Dakika ya 88, penalti, mpigaji karudi nyuma hatua tatu, tivii ikazimika. Soketi iko nyuma ya kabati la vyombo, kulisogeza ni kazi ya wanaume wawili.

"Mama Asha!"

"Lala, Baba Asha. Kesho kazini."

Nikafungua programu yangu. Imeandika: Umeondolewa kwenye nyumba hii.

Nje majirani wakapiga kelele. Wa kulia ni Simba, wa kushoto ni Yanga, na walipiga wote wawili.