Nakala Tatu za Kijivu

Wiki iliyopita dada yangu aliniomba ile picha ya marehemu mama aliyopigwa mwaka 2011, akiwa ameketi kizingitini, anacheka mpaka macho yamefumba. Niliipata mara moja, kwani katika safu ya vijipicha ilionekana vizuri, mama mzima na kicheko chake kizima. Nilipoibofya, theluthi ya juu ilijitokeza kama kawaida, nywele, paji la uso na yale macho. Chini ya hapo palikuwa na mstari mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, na kutoka mstarini hadi ukingoni hapakuwa na chochote ila kijivu. Nikachomeka diski ya pili: kijivu. Nikaingia kwenye hifadhi ya wingu: kijivu, na mstari umekatiza palepale, chini ya macho.

Watu wanne niliowasimulia mkasa huu wamenipa pole kwa swali lilelile: kwani hukuweka nakala? Niliweka, jamani. Niliweka tatu, moja ikiwa mbali na nyumbani kama tulivyofundishwa, na zote tatu zinafanana kwa utiifu wa kupigiwa mfano. Kumbe nilikuwa nikihifadhi uharibifu, tena kwa bidii.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Wakati fulani, kipande cha diski ya kwanza kilichobeba data ya picha hiyo kiliharibika, na diski haikusema neno. Jina la faili lilibaki lilelile, tarehe ileile, ukubwa haukupungua hata baiti moja. Nilipohamia diski mpya mwaka 2016, kompyuta ilinakili ilichokikuta, ikanitangazia kwamba kazi imekamilika, nami nikaifuta ile ya zamani kwa fahari ya mtu aliyemaliza kufagia uwanja. Nakala nyingine zote zimezaliwa na hiyo. Programu za kulandanisha mafolda hazingenisaidia, maana nyingi kati yake hulinganisha tarehe na ukubwa tu, kama bawabu anayekagua shati la mgeni asimtazame uso.

Na vile vijipicha nilivyokuwa nikivipitia mwaka baada ya mwaka na kuridhika? Kamera huandika picha ndogo ya pekee mwanzoni mwa faili ya JPEG, ndani ya maelezo ya EXIF, yaani taarifa ambazo kamera huambatisha kwenye picha, na programu nyingi hutuonyesha hiyo kwa sababu hufunguka upesi. Picha yenyewe iko mbele zaidi na inaweza kuharibika bila kijipicha kuguswa. Isitoshe, JPEG hubana data kwa misimbo yenye urefu usiolingana, kiasi kwamba kisomaji hujua msimbo mmoja unaanzia wapi kwa kuwa kimesoma vyema ule uliotangulia. Biti moja ikigeuka, kisomaji kinaweza kupotea njia, na yote yanayofuata yakawa kijivu, au rangi zikahama na nusu ya uso ikasogea kando. Basi kuangalia vijipicha si kukagua picha, nami nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka mingi huku nikijiita mwangalifu.

Ninachodai ni kimoja: nakala isiyohakikiwa haistahili kuitwa nakala. Njia ya kuihakiki ipo, haina gharama, na inashangaza jinsi tunavyoipuuza. Siku unapozitoa picha kwenye kadi, kabla hujaifuta kadi hiyo, tengeneza cheksamu ya kila faili, yaani alama inayokokotolewa kutokana na data yake yote, na uiweke kando ya picha zenyewe. Ile inayokokotolewa kwa kanuni ya SHA-256 ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha biti moja ndani ya faili, mfululizo wote unageuka kuwa mwingine kabisa. Amri za kuikokotoa zipo tayari: Linux ina sha256sum, macOS ina shasum, Windows ina certutil. Hakuna cha kununua. Kila unapohamisha picha, na walau mara moja kwa mwaka hata kama hujahamisha kitu, kompyuta izikokotoe upya cheksamu na kuzilinganisha na zile za mwanzo. Ni kazi ya usiku mmoja, nayo huifanya wewe ukiwa umelala. Laiti ningekuwa na orodha hiyo mwaka 2016, ningeambiwa faili ipi imekwenda kombo ilhali kadi ya kamera ilikuwa bado droo­ni, haijaandikwa juu yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba cheksamu haifufui kitu; inatoa habari ya msiba tu, na bila nakala nyingine iliyo nzima utabaki na habari hiyo. Kwa hiyo kanuni ya tatu-mbili-moja iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, yaani nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa kwingine, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaoikariri kama dua na kuishia hapo. Wenye uwezo wa kutumia ZFS au Btrfs, mifumo ya kupanga faili kwenye diski, watumie, kwa kuwa mifumo hiyo huhakiki data kila inapoisoma na kujirekebisha ikiwa kuna nakala ya pili, jambo ambalo exFAT, mfumo wa diski zetu nyingi za nje, haijui. Faili za PAR2, zinazobeba data ya ziada ya kukarabatia, zinaweza kuziba pengo dogo, mradi ziliundwa kabla ya uharibifu. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si nakala ya akiba. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, isiachwe kabatini miaka bila umeme. Na anayechomoa flashi huku taa yake ingali ikimetameta, huyo sina la kumwambia.

Nimejaribu PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa, kwenye kila kadi niliyoikuta ndani ya nyumba, nikapata picha za watu nisiowakumbuka na mamia ya picha za mawingu. Mwishowe nilichukua ExifTool, programu ya kusoma maelezo ya EXIF, nikakitoa kile kijipicha ndani ya faili iliyoharibika, pikseli 160 kwa 120, mama akicheka, na hicho ndicho nilichomtumia dada yangu. Amenishukuru sana, kisha akauliza kama ninayo iliyo kubwa zaidi kidogo.