Ahadi ya Ardhi Mbele ya Hati Miliki

Hapa Nairobi, wanaowatetea wenye hati miliki hushikilia kwamba ahadi ya mdomo haiwezi kumpa mtu shamba, na kwamba jaji anayemsikiliza mlalamikaji asiye na karatasi anaitengua sheria iliyotungwa na Bunge. Hoja hiyo ina nguvu. Sheria ya Mikataba inataka uuzaji wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe, nayo Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inabatilisha uuzaji wa shamba usiopata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo lake. Tena mbele ya bodi hizo ndipo mke na watoto wanapoweza kupinga shamba lao kuuzwa kwa siri.

Ninachokataa ni kumchora mlalamikaji kama mvamizi. Kanuni inayomzuia mwenye ardhi kugeuka neno lake haimwokoi kila aliyeahidiwa: lazima ahadi iwe wazi, mlalamikaji awe na sababu ya haki ya kuitegemea, na kwa kuitegemea awe amepata hasara ambayo ingekuwa dhuluma kumwachia aibebe peke yake. Katika shauri la Thorner dhidi ya Major, lililoamuliwa Uingereza mwaka 2009, mlalamikaji alikuwa amelitumikia shamba la jamaa yake huko Somerset kwa takriban miaka 30 bila malipo. Mtu wa namna hiyo hanyakui; amekwisha kulipa kwa umri wake.

Kwetu jambo zito zaidi ni marejesho. Sheria ile ya 1967 inamwachia mnunuzi haki ya kudai fedha alizolipa kama deni. Tuseme mtu alinunua ekari moja Kiambu miaka 20 iliyopita, akaonyeshwa mipaka na muuzaji mwenyewe, akaahidiwa kwamba wataenda bodi pamoja, kisha akajenga, akachimba kisima na kulea watoto hapo. Akirudishiwa bei ya wakati ule, leo haimpi hata kipande cha kusimamisha nyumba, ilhali muuzaji anapokea ardhi iliyopanda thamani mara nyingi. Aliyekwepa bodi ndiye anayetajirika kwa kuikwepa, na kadiri anavyochelewesha ndivyo faida yake inavyokua. Zaidi ya hayo, kifungu cha 22 cha sheria hiyo kinaweza kumfanya mnunuzi anayeendelea kukaa humo awe mkosaji wa jinai. Sioni jinsi mpango huo unavyoilinda familia yoyote, hasa ile inayoishi kwenye shamba.

Mahakama ya Rufani iligawanyika mwaka 2014: jopo moja liliwalinda wanunuzi 88 waliokuwa wamekabidhiwa ardhi bila idhini ya bodi, jingine likasema kwamba kanuni za haki, zile majaji wanazotumia kuzuia dhuluma, haziwezi kuishinda sheria iliyoandikwa. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo iliegemea upande wa wanunuzi, ikitaja kifungu cha 10 cha Katiba, kinachohesabu usawa kati ya maadili ya taifa, na naamini iliegemea panapofaa.

Swali gumu linalobaki ni kiasi cha nafuu. Katika shauri la Guest dhidi ya Guest la mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilianzia kwenye ahadi yenyewe, lakini ikawapa wazazi waliokuwa wamemwahidi mwana wao sehemu ya shamba hiari ya kumlipa fedha badala ya kuliacha shamba. Njia hiyo ingetufaa pale ambapo mke wa muuzaji hakuambiwa lolote: shamba libaki kwa familia, na mnunuzi alipwe kwa bei ya leo, pamoja na thamani ya nyumba na kisima chake.